Zizi la Kobe

Kunguru walikuwa kumi na wanne, na wote walikuwa ndani.

Nelda Cragun aliwaona tangu mbali, pikapu yake ikiwa bado inayumba juu ya mawe ya njia. Kunguru kutua juu ya wavu wa zizi lilikuwa jambo la kila siku. Walikuja, wakachungulia chini kama watu mbele ya duka lililofungwa, wakarudi zao kwenye nguzo za umeme. Asubuhi ile hawakuwa juu. Walikuwa wanatembea mchangani kwa maringo, kama wenye shamba.

Alipiga honi mpaka kiganja kikamuuma. Akashuka mbio, mwanamke wa miaka sitini na mmoja mwenye goti bovu, akafungua mlango wa zizi huku akipunga kofia na kupiga kelele. Kunguru hawakuwa na haraka. Waliruka mmoja mmoja, wakapitia juu, na kwa kuwafuata kwa macho Nelda akaliona tundu: wavu ulikuwa umeachia kutoka pembe hadi pembe, unaning'inia kama shuka kwenye kamba.

Kisha akatazama chini.

Watoto wa kobe zizini walikuwa thelathini na saba. Wengine walianguliwa vuli iliyopita, wengine walikuwa na miaka miwili, na mkubwa wao angekaa kwenye kiganja. Gamba la mtoto wa kobe wa jangwani si ngao. Miaka mitano ya mwanzo huwa laini kama ukucha wa mtu, na kunguru analijua hilo kuliko daktari yeyote. Nelda aliokota gamba la kwanza. Lilikuwa na tundu moja mgongoni, la mviringo, safi, na ndani hamna kitu. La pili vilevile. Wa tatu alikuwa bado anatikisa mguu, na Nelda alimshika mkononi mpaka alipoacha.

Hakulia. Alikusanya thelathini na watatu kwenye ndoo ya malisho. Wanne aliwakuta wazima, wamejichimbia chini kabisa ya mashimo yao, akawafunika kwa sanduku la mbao na kuweka jiwe juu. Ndipo alipokagua fremu.

Wavu ule ulifungwa kwa vipande vya waya wa chuma, na kila kipande kilikuwa kimekatwa. Kwenye kila ncha palikuwa na jino dogo lililochomoza, kama jino la panya. Nelda alilijua jino lile. Alikuwa ameliona kwenye seng'enge zote za bonde kwa miaka thelathini na minane, tangu alipoolewa. Baba mkwe wake aliwaachia wanawe koleo mbili za kukatia waya, pacha. Ya Rulon, marehemu mumewe, ilikuwa kwenye droo ya jikoni kwake. Ya Delmont, shemeji yake, ilimeguka ukingo mwaka ule walipojenga birika la ng'ombe, na tangu hapo kila waya ilioukata iliuachia jino.

Alichukua vipande sita vya waya, akavitia mfukoni.

Delmont Cragun alikuwa jikoni kwake, anakula mkate na maharage amesimama, kama alivyokula maisha yake yote. Hakuwahi kuoa. Katika kijiji cha Almeda, ambako mtu wa miaka thelathini asiye na watoto wanne huombewa kanisani, hilo peke yake lilitosha kumfanya asipende watu. Nelda aliingia bila kubisha, akapindua ndoo juu ya meza. Magamba yakabingirika kati ya sahani na chupa ya maziwa.

"Ondoa uchafu wako mezani kwangu, shemeji," alisema Delmont.

"Wahesabu."

"Nimesema ondoa."

"Wahesabu kwanza, kisha nitaondoa."

Delmont aliendelea kutafuna. Nelda akapanga zile waya sita kando ya kikombe chake, ncha zote zikimtazama yeye.

"Waya," alisema Delmont. "Bonde zima limejaa waya wangu."

"Wa bonde una kutu. Huu unang'aa."

 Kisha Delmont akaweka kijiko chini, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Haya. Wavu nimekata mimi. Kunguru sikuwaita."

"Kunguru haitwi. Hata wewe hukuitwa, na ulikwenda."

"Unajua yule daktari wako wa kobe, wa chuo, anaandika nini?" Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. "Anaandika kwamba ng'ombe wangu wanamaliza maua ya masika ambayo kobe angekula. Kwamba wanakanyaga mashimo. Karatasi ile ikifika ofisi ya ardhi ya serikali, kibali cha malisho kwisha! Kisima kile baba alikichimba kwa sururu. Rulon alikufa na vumbi la bonde hili kifuani. Na wewe, mjane wake, unakwenda kuwaatamia mayai watu wanaotufukuza."

"Rulon hakuwahi kuua kitu asichokila."

"Usinitajie ndugu yangu ndani ya nyumba yangu!"

"Nitamtaja nipendavyo. Nilimwosha mimi alipokufa. Wewe ulikuwa unahesabu ndama."

Uso wa Delmont ulibadilika rangi. Akachukua gamba moja, akalitazama, akalirudisha kwa kidole kimoja kana kwamba linanuka.

"Hivi unajua kobe anataga akiwa na umri gani? Kumi na tano. Ishirini. Hawa wako wangetaga wakati mimi na wewe ni mifupa. Unamlindia nani?"

"Na ng'ombe wako unamwekea nani, Delmont?"

 Mabinti wawili wa Nelda walikuwa mjini Salt Lake, wameolewa na watu wa ofisini, na walipokuja likizo waliziba pua wakipita zizini. Yeye Delmont hakuwa hata na wa kuziba pua.

"Sikia," Nelda alisema, akizirudisha waya mfukoni. "Daktari Ibarra anakuja Ijumaa. Nikimpa hizi, sheria ya nchi inakufunga, na kibali kinakufa siku hiyohiyo. Nusu ya kibali ni yangu."

"Basi hutampa."

"Sijamaliza. Wiki mbili zijazo majike wa bondeni wanaanza kutaga. Utatembea na mimi kila asubuhi mpaka tuwapate wenye mayai wa kulijaza zizi lile upya. Utabeba maji. Utashona wavu kwa mikono iliyoukata. Na mayai yakishatagwa, utayalinda mpaka yaanguliwe."

"Nikikataa?"

"Kataa," alisema Nelda, na akaanza kurudisha magamba ndooni, moja moja.

Daktari Renata Ibarra, mtafiti wa kobe, alikuja Ijumaa na gari la chuo chake, na pamoja naye afisa wa wanyamapori mwenye kalamu mbili mfukoni. Renata alikuwa na miaka thelathini na tano, mdogo wa umbo, mkali wa maswali. Ndiye aliyemtafuta Nelda miaka mitatu nyuma, akabisha mlangoni na kusema ameambiwa hakuna anayejua kobe wanakochimba kuliko yeye. Tangu maziko ya Rulon hakuna mtu aliyekuwa amemwomba Nelda kitu chochote isipokuwa pai za kanisani. Aliikubali kazi ile ya kulea watoto wa kobe mpaka magamba yakaze, kabla mwenzake hajamaliza kuieleza.

"Unamshuku nani, Bi Nelda?" aliuliza afisa.

"Sijui."

"Hakuna mtu mwenye kinyongo na mradi?"

"Kijiji kizima kina kinyongo. Andika kijiji kizima."

Renata alimgeukia. "Waya zilikatwa na nini?"

"Na kitu cha kukatia waya," alisema Nelda.

Alikuwa mwanamke ambaye kila mwaka aliketi mbele ya askofu wake, mkulima wa majani ya ng'ombe aliyevaa tai kwa siku moja ya juma, na alipoulizwa kama ni mwaminifu kwa watu wote alijibu ndiyo bila kumeza mate. Sasa alikuwa amesema uongo mchana kweupe, mbele ya serikali, kwa ajili ya mtu asiyemtakia hata mvua. Alirudi nyumbani akiwa na hasira mpya juu ya ile ya zamani, na hasira hiyo mpya ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi.

Delmont alifika siku ya kwanza saa kumi na moja na nusu, kukiwa kumepambazuka. Hakusalimia. Nelda naye hakusalimia. Walitembea hatua ishirini mbali mbali, kana kwamba kuna seng'enge kati yao.

Mwanamume yule alijua bonde. Hilo Nelda hakuweza kulikana, na lilimuuma. Pale ambapo yeye aliangalia chini ya vichaka vya kreosoti kimoja baada ya kimoja, Delmont alisimama, akakunja macho, akatazama namna mkondo wa maji ya mvua ulivyokata ukingo, kisha akaenda moja kwa moja kwenye shimo lenye umbo la nusu mwezi. "Humo," angesema, na kutema mate. Na humo kobe alikuwamo.

Siku ya nne alimtoa jike mmoja yeye mwenyewe, kabla Nelda hajafika. Alimshika kama anavyoshikwa ndama, akamnyanyua juu kwa nguvu, na kobe akamwaga kibofu chote. Maji yakamchuruzika Delmont suruali na buti.

"Shetani huyu kanikojolea!"

Nelda aliruka na goti lake bovu. "Mweke chini! Mweke chini taratibu, mjinga wewe! Hayo ndiyo maji yake ya mwaka mzima! Alikunywa mvua ya Februari, akaihifadhi, na wewe umeimwaga kwa dakika moja!"

"Mimi? Nani kakojoa hapa, mimi au yeye?"

"Hana kisima cha baba yake, huyu. Asipokunywa leo, atakufa kwa kiu mwezi wa sita na mayai yake tumboni."

Akatoa beseni kwenye pikapu, akamimina maji ya kunywa ya Delmont, yote, akamweka kobe ndani mpaka maji yakamfika shingoni. Kisha akamwamuru Delmont akae hapo hapo, ashike mwavuli, mpaka kobe anywe.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema Nelda. "Lakini wewe leo utayazoa."

Delmont alikaa saa moja na robo, mzee wa miaka sitini na sita, suruali ikimkauka kwa harufu, akimshikia kobe mwavuli juani. Kobe alichovya pua, akanywa. Kila mara kobe alipovuta pumzi, Delmont alimtukana kwa sauti ndogo, na kila alipomtukana, Nelda kwenye kivuli cha gari aligeuza uso asionekane anacheka. Hakucheka kwa wema.

Kufikia mwisho wa Mei walikuwa wameleta majike wanane zizini. Renata alikuja na mashine yake ya eksirei nyuma ya gari, akawalaza kobe mmoja mmoja juu ya bamba. Alipoinua picha ya kwanza kwenye mwanga, mayai yalionekana meupe ndani ya giza la tumbo, matano, mviringo, kama mipira ya tenisi ya mezani.

Delmont alisogea kutazama. Hakuna aliyemkaribisha.

"Mimi ng'ombe namwingizia mkono," alisema. "Najua siku hiyohiyo. Hakuna umeme."

"Mwingizie huyu, basi," Nelda alisema.

Renata alikuwa hajaelewa kwa nini mfugaji aliyewatukana miaka mitatu mfululizo sasa anakuja kila siku kubeba ndoo. Aliwatazama wote wawili kwa zamu, kisha akarudi kwenye kazi yake. Aliyefuata alikuwa jike namba tisa, kobe mkongwe ambaye hakuwa wa bondeni. Aliishi zizini tangu mwanzo, miaka mitatu, bila dume. Picha yake ilionyesha mayai sita.

"Kosa la mashine," alisema Delmont.

"Si kosa," alijibu Renata. "Jike akipandwa mara moja huweza kuiweka mbegu ndani yake mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na bado akarutubisha mayai."

Delmont alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze. "Rulon angefurahi kusikia hilo. Shemeji, bado una tumaini."

Mikono ya Renata ilisimama juu ya bamba.

"Yapo majike ya namna hiyo," Nelda alisema polepole, "na yapo madume ambayo hata ukiyafungia na majike mia, hayaachi kitu duniani. Hata jina."

Tabasamu la Delmont lilikauka. Alichukua kofia yake, akaondoka kwa miguu, maili nne mpaka kwake, kwenye joto la nyuzi arobaini. Kesho yake saa kumi na moja na nusu alikuwa mlangoni mwa zizi, akiwa amebeba maji.

Majike walitaga Juni. Kila mmoja alichimba kwenye mdomo wa shimo lake, kwa miguu ya nyuma, bila kuangalia anachofanya. Akadondosha yai, akalipanga kwa mguu kwa upole usiotarajiwa kwa mnyama wa namna ile, akafukia, akakojolea udongo, akaondoka. Wakawarudisha wale wanane bondeni, kila mmoja mahali alipotolewa. Kilichobaki kilikuwa kungoja na kulinda. Mbweha mdogo alikuja kuchimba chini ya ukuta mara mbili. Mara zote mbili Delmont alimfukia njia kwa mawe. Mjusi mnene wa sumu, mweusi wa madoa ya rangi ya chungwa, alikutwa Julai amelala karibu na kiota kimoja akiwa na yai mdomoni, na Delmont alimtoa kwa kijiti kirefu, akamtupa mbali huko, akarudi amekasirika kana kwamba ameibiwa yeye.

"Usidhani nimekuwa mtu wenu," alimwambia Nelda.

"Sijadhani chochote kizuri juu yako," alijibu Nelda.

Lakini kulikuwa na asubuhi, mwezi wa Agosti, Nelda alipomkuta Delmont amepiga magoti, kiganja juu ya udongo wa kiota namba tatu. Alikuwa amemsikia Renata akisema kwamba udongo wa moto hutoa majike na udongo wa baridi kidogo hutoa madume. "Hapa ni moto," alisema Delmont bila kugeuka. "Hawa ni majike." Kisha akakumbuka anaongea na nani, akainuka, akapangusa magoti.

Wakaanguliwa kuanzia wiki ya mwisho ya Agosti. Walitoka wakiwa wamejikunja kama karatasi iliyofinyangwa, na tumboni bado wana uvimbe wa kiini cha yai, chakula chao cha mpaka masika. Nelda aliandika namba mgongoni kwa kila mmoja kwa rangi. Walikuwa thelathini na mmoja. Hawakufika thelathini na watatu, ila walikuwa hai. Renata alipowaona alimkumbatia Nelda, na Nelda, ambaye alikuwa na uongo wake kooni, alisimama kama gogo.

Barua ya ofisi ya ardhi ilifika Septemba. Bonde lote lilikuwa limefungwa kwa ng'ombe, kuanzia Novemba. Haikutaja zizi, haikutaja wavu. Ilitaja takwimu za mabonde saba, majimbo matatu. Nelda aliisoma amesimama kwenye sanduku la barua, na kabla hajaimaliza alijua kuwa Delmont ameshaipata yake.

Aliendesha moja kwa moja hadi zizini.

Delmont alikuwa ndani. Alisimama katikati kabisa, na buti zake za kazi, mikono imelegea. Watoto wa kobe walikuwa wametoka kwenye mashimo kuota jua la asubuhi, nao walikuwa wamemzunguka pande zote, mmoja ameegemea kisigino chake.

"Usisogee," alisema Nelda kutoka mlangoni.

"Miezi minne." Sauti yake ilikuwa tulivu, na hilo lilimtisha zaidi ya kelele. "Miezi minne nimekubebea maji. Nimemshikia mnyama mwavuli. Nimekaa kimya ukinitukana ukoo. Kumbe ulijua."

"Sikujua. Barua haikuandikwa na mimi, wala na Renata peke yake."

"Ulijua! Ukanipa kazi ya kuchimba kaburi langu, na mimi nikachimba, mbwa mimi."

"Delmont. Mmoja yuko nyuma ya mguu wako."

"Najua yuko wapi."

"Basi toka polepole. Nitakuonyesha pa kukanyaga."

"Utanionyesha?" Akacheka. "Baba yangu aliitembea ardhi hii kabla hujazaliwa, na wewe utanionyesha pa kukanyaga? Nikiinua mguu huu, shemeji, utafanya nini? Utatoa zile waya zako? Kibali kimekwisha. Huna kitu cha kunishika nacho tena."

Ilikuwa kweli. Nelda alilisikia hilo likimwingia kama maji baridi. Kwa miezi minne alikuwa amemvuta kwa kamba, na kamba ilikuwa imekatika asubuhi ile kwenye sanduku la barua.

"Inua, basi," alisema. Hakujua kwa nini alilisema. Labda alichoka kumwomba. "Inua tuone wewe ni mtu gani."

Delmont aliinua mguu, akaushusha.

Palisikika mlio mdogo sana, kama wa ganda la karanga likipasuka.

Alibaki amesimama vile.  Alitazama chini, akatazama mlangoni, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda wala wa mtu aliyekosea, ulikuwa mtupu. Kisha akatoka, kwa hatua ndefu za uangalifu, akikanyaga palipo wazi, akampita Nelda begani bila neno. Aliyekanyagwa alikuwa namba kumi na nne, wa kiota cha tatu.

Siku ile ile Nelda aliendesha mwendo wa saa mbili hadi chuoni kwa kina Renata. Aliweka waya sita mezani, akaeleza yote tangu Mei, pamoja na lile "sijui" alilomwambia afisa. 

"Ulimwingiza," alisema Renata. "Mtu aliyeua thelathini na watatu, ukamfungulia mlango kila asubuhi."

"Bila yeye tusingepata hata majike watatu."

"Sikukuuliza hesabu, Bi Nelda. Mimi nilikuamini. Nilikuwa naiandika kazi yako kwenye ripoti, kwa jina lako." Akanyoosha mkono. "Naomba funguo."

Nelda akampa.

Delmont hakufungwa. Jaji aliangalia miaka yake, akampa kifungo cha nje na kumkataza asilitie mguu bonde lile miaka mitatu. Nelda hakushtakiwa, lakini ruhusa yake ya kugusa kobe ilifutwa, na zizi likapewa wanafunzi wawili waliokuja kwa zamu. Askofu alimwita, akamsikiliza, akamwambia kwa huzuni ya kweli kwamba kwa miezi sita asile mkate wa sakramenti. Kijijini walijua yote kabla hajafika nyumbani. Waliomchukia kwa kuwalinda kobe sasa walimchukia kwa kumshtaki mtu wa damu yao, na wale wachache waliompenda hawakujua wamweke wapi. Jumapili aliketi benchi la tatu kushoto, Delmont la tatu kulia, na sahani ya mkate ilipopita Nelda aliipokea kwa mkono wa kulia, akaipitisha kwa wa kushoto bila kuchukua kipande, huku akijua kuwa jicho moja ng'ambo ya pili linaitazama.

Ng'ombe waliondolewa wiki ya kwanza ya Novemba, trela tano, vumbi likasimama bondeni mpaka jioni. Nelda hakwenda kutazama.

Februari mvua ilinyesha vizuri. Asubuhi moja, akikanda unga, alisikia pikapu anayoijua ikisimama nje. Alifungua mlango, akaushikilia nusu. Delmont alikuwa amepungua mwili. Alishika chuma cha kupigia chapa ng'ombe, kile chenye herufi za ndugu wawili.

"Hiki ni cha Rulon," alisema. "Nauza vitu. Sikutaka kiende kwa watu."

"Kiegemeze hapo ukutani."

Alikiegemeza. Hakuondoka. Alitazama unga kwenye mikono ya Nelda, kisha ncha za buti zake mwenyewe.

"Yule mdogo," alisema. "Wa namba kumi na nne."

Nelda aliushika mlango kwa mkono wa pili pia.

"Nilikuwa nainua mguu nitoke. Nilidhani yuko nyuma. Alikuwa amesogea. Sikumkusudia, Nelda."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita kwa jina bila kuweka shemeji mbele yake. Nelda aliyatazama macho yake, kama mtu anayetafuta dalili za ugonjwa kwenye jicho la mnyama, na hakuona kitu cha kumfanya aamini wala akatae.

"Sijakuuliza," alisema.

"Najua hujaniuliza. Nakuambia."

"Umeshaniambia."

Akafunga mlango. Alisimama nyuma yake, unga ukimkauka vidoleni, akisubiri mlango wa gari upigwe. Ulichukua muda. Gari lilipoondoka alirudi mezani, akakuta kinyunya kimeanza kuwa kigumu, akakipiga ngumi, akaanza kukanda upya.